Ugonjwa wa akili na dawa za kulevya: Mweleze daktari ukweli

IWAPO umewahi kumpeleka jamaa yako katika kliniki ya magonjwa ya akili, bila shaka daktari alikuuliza kama yeye hutumia pombe au dawa za kulevya. Wengi hujibu kwamba hatumii, kwa kuona aibu au kuogopa polisi. Jibu hilo laweza kumtia mgonjwa hatarini.

Wengi wa wagonjwa wa akili wenye tatizo hili ni vijana wa kiume. Kwa kawaida walianza wangali shuleni, wakionyeshwa na rafiki au ndugu. Baadhi waliacha masomo, hawana kazi ya kutegemewa, au walilelewa katika nyumba ambamo pombe ni kitu cha kila siku. Hata hivyo, usidhani ni tatizo la mitaa ya mabanda pekee. Watoto wa matajiri nao wamo wodini.

Mara nyingi mgonjwa hatumii kitu kimoja tu. Atatafuna miraa hadi usiku wa manane, kisha anywe pombe au tembe za usingizi ili apate kulala. Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huchangamsha ubongo. Akizidisha, huweza kushuku kwamba anafuatwa. Bangi nayo, hasa ikianzwa mapema, huongeza hatari ya kurukwa na akili, zaidi ikiwa ugonjwa huo umo katika ukoo. Wengine waliugua kwanza, wakaanza kunywa ili kutuliza sauti wanazosikia.

Hatari kubwa humkabili mlevi wa kila siku anayefungiwa nyumbani, au kulazwa bila daktari kujua hali yake. Akikatiziwa pombe ghafla, katika siku 4 za kwanza anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwako, na hata kufa. Daktari aliyeelezwa mapema atampa dawa za kuzuia hayo.

Kwa hivyo, mweleze daktari mambo manne: anatumia nini, tangu lini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Daktari anatakiwa kuyaweka siri. Kwa watumiaji wa heroini, hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka wa 2014.

Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, hakikisha anameza dawa zake na umtafutie shughuli itakayomweka mbali na wenzake wa zamani. Akirudia, usimfukuze. Mrudishe kliniki.