Shingo ya Gitaa na Mti wa Jirani

Gitaa la besi ni ala isiyojisifu. Wasikilizaji humkumbuka mwimbaji na mpigaji wa solo, ilhali besi ndiyo inayoubeba wimbo mgongoni, hasa katika rumba waliyokulia wengi wa Wakongo waishio Kakuma. Basi mtu akitaka kuchongewa besi yake na seremala wa huko, kati ya Lodwar na Kakuma, badala ya kuagiza ya kiwandani, atakabiliwa na maswali mawili: shingo itokane na mti gani, na uzito ugawanywe vipi? Swali la kwanza laonekana kuwa la ufundi mtupu. Kwa maoni yangu, ni swali la haki pia.

Tuanze na ufundi. Shingo ya besi ya kawaida hubeba nyuzi nne ambazo, kutoka daraja hadi kichwani, zina urefu wa sentimita 86 hivi. Zikikazwa, kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 60, mchana na usiku. Mti dhaifu hupinda. Mti usiokauka vyema hujinyonga. Ndiyo maana Leo Fender, alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 huko Marekani, alichagua mepo, mti mgumu wenye uzito wa kilo 700 hivi kwa mita moja ya ujazo.

Hali ya hewa ya Turkana huongeza mtihani. Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya, na mvua yake ni haba. Mti hausinyai sana kwa urefu, bali kwa upana. Shingo iliyotengenezwa Mombasa, penye unyevu wa bahari, ikifikishwa Lodwar husinyaa, na ncha za vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa shingoni hujitokeza na kuuchana mkono wa mpigaji. Kwa hiyo mti unaofaa ni ule unaosinyaa kidogo, uliokaushwa papo hapo utakapotumika, kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa rangi au nta ili usipasuke.

Hapa ndipo haki inapoingia. Mti mkubwa wa kingo za mto Turkwel na mto Tarach ni mgunga ambao Waturkana huuita ewoi. Mgeni huuona ukisimama peke yake akadhani hauna mwenyewe. Sivyo. Waturkana wana utaratibu uitwao ekwar, ambao huzipa familia haki juu ya miti ya sehemu fulani za kingo za mto, kwa sababu matunda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Tangu kambi ya Kakuma ianzishwe mwaka 1992, kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi. Kuukata ewoi ili kuchonga gitaa ni kumnyang'anya jirani chakula cha mifugo wake.

Lakini uko mti mwingine usioliliwa na mtu: mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Uliletwa kuzuia jangwa. Ukageuka ukawa jangwa la miiba, ukaziba njia na kuharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu. Hata hivyo, mti huu unaochukiwa husinyaa kidogo sana ukikauka, na ni mgumu kuliko mepo. Kasoro yake ni kwamba shina lake ni fupi na limepinda. Dawa ni kuupasua vipande vyembamba, kuvikausha, kisha kuviunganisha kwa gundi vitatu au vitano, nyuzinyuzi za kila kipande zikielekea upande tofauti na za mwenziwe, ili kimoja kikitaka kupinda kingine kikizuie.

Kasoro ya pili ni uzito: kilo 800 hivi kwa mita ya ujazo. Shingo nzima, pamoja na kichwa, hutumia takriban lita moja ya mti. Basi itaizidi ya mepo kwa gramu 100 hivi. Msomaji atasema ni kidogo. Na amfikirie mchukuzi wa mzega: mzigo mdogo ulio mbali na bega huushinda mkubwa ulio karibu. Gramu 100 zilizo sentimita 50 kutoka kwenye egemeo zahitaji gramu 200 zilizo sentimita 25 upande wa pili. Zisipopatikana, kichwa cha gitaa huinama chini, na mkono wa kushoto, badala ya kupiga, hugeuka nguzo.

Fundi asijibu kwa kuongeza uzito tumboni tu. Apunguze kichwa, achague vifunguo vyepesi vya kukazia nyuzi, na airefushe pembe ya juu ya gitaa ili mkanda ushikwe karibu na katikati ya urefu wa nyuzi. Kisha avae ala hiyo mwenyewe kwa saa nzima kabla ya kumkabidhi mteja, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Waturkana hawahitaji kufundishwa upya somo hili. Ekicholong, kigoda ambacho mchungaji hukikalia na kulaza kichwa juu yake, hubebwa mkononi kutwa; mchongaji wake ajua kupima wepesi dhidi ya nguvu. Vyuo vya ufundi vya Lodwar na Kakuma vingefanya vyema kuwaita wachongaji hao wakae meza moja na wapiga gitaa wa kambini. Mathenge sasa huishia kwenye tanuri la makaa. Shina moja nene likiokolewa humo litatoa shingo ya gitaa, na mgunga wa jirani utabaki umesimama.