Kompyuta Kuukuu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na tangu hapo wenye kompyuta za zamani wanajiuliza swali moja: nitupe, nitengeneze, au niendelee nayo hivi hivi? Dukani jibu ni jepesi, nunua nyingine. Lakini mashine nyingi za HP na Dell zilizoko majumbani na kwenye steshenari za Korogwe, Mombo, Chanika ya Handeni na Mkata ni mtumba uliotumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo. Ziliundwa kwa kazi ya kutwa nzima, hufunguka kirahisi, na vipuri vyake vipo. Mara nyingi kinachozifanya zigande ni kifaa kimoja tu. Ukikijua hicho kabla ya kutoa hela, umeokoa nusu ya gharama.

Kwa mtu wa Handeni jambo hili lina uzito zaidi. Korogwe ipo kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, hivyo kipuri kilichoagizwa Dar es Salaam hufika kwa basi. Kutoka hapo hadi Handeni ni kilomita 65 nyingine, au 54 ukikipokelea Mkata. Kipuri kisichoingia kwenye mashine yako unakilipia nauli mara mbili, kuja na kurudi, tena kama muuzaji atakubali kukipokea. Wengi wameshabandika ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kupima hakuhitaji fundi. Washa kompyuta, fungua vile unavyotumia kila siku, mathalani Word na kurasa kadhaa za Chrome, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager yenye safu za CPU, Memory na Disk. Disk ikikaa kwenye asilimia 100 huku nyingine zikiwa chini, hadi diski ndiyo inayokuchelewesha. Memory ikipita asilimia 85 au 90, RAM ni ndogo. CPU ikibaki juu wakati hufanyi chochote, shuku virusi kabla ya kuishuku prosesa. Tahadhari moja: RAM ikijaa, Windows hutumia diski badala yake, na Disk nayo hupanda. Kwa hiyo soma safu zote mbili kabla ya kuamua.

Katika mashine zenye umri wa miaka minane na zaidi, mtuhumiwa wa kwanza ni hadi diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaohama huku na huko kutafuta data. Kila utafutaji hula takriban milisekunde 10 hadi 15, na Windows inapowaka huomba mafaili madogo kwa maelfu. SSD, diski inayochukua nafasi yake, haina kinachozunguka. Hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja baada ya kubadilishwa diski peke yake, prosesa ikiwa ile ile.

SSD ya GB 240 au 256 inatosha kwa nyumba nyingi. Chagua ile ya SATA ya inchi 2.5, maana ndiyo inayoingia palipokuwa na hadi diski ya laptopu, na kwenye kompyuta ya mezani hutumia nyaya zile zile. Zile nyembamba kama ulimi wa chuma, za M.2, usiagize mpaka uhakikishe mashine ina tundu lake na ni la aina ipi. Mashine nyingi za kabla ya 2015 haziwezi kuwaka kutoka kwenye M.2 ya aina ya NVMe. Ukiona SSD ya TB 2 inauzwa kwa bei ya GB 128, jua ni bandia iliyoandikwa ukubwa wa uongo. Programu ya bure ya H2testw huijaza hadi mwisho na kufichua kilichomo kweli.

Kabla ya kubadilisha, hamisha picha, vyeti na kazi zako. Programu ya CrystalDiskInfo, nayo ya bure, itakuonyesha afya ya hadi diski. Ikiandika Caution, nakili data siku hiyo hiyo. Hadi diski ikiwa bado nzima usiitupe: inunulie kasha la USB, iwe ghala la nakala.

RAM ndiyo hatua ya pili. Kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti, lakini kutoka 8 kwenda 16, kwa kuandika barua na kufungua mitandao, hutaiona sana. Hapa ndipo watu hupoteza nauli. RAM ya DDR3 haiingii penye DDR4, pengo lake limekaa pengine. RAM ya laptopu ni fupi kuliko ya mezani. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne hutaka DDR3L ya volti 1.35, siyo DDR3 ya 1.5. Piga picha lebo ya RAM iliyomo, umtumie muuzaji, umwambie: "Kaka, nataka ya aina hii hii." Angalia pia kama Windows iliyopigwa ni ya biti 32, kwa sababu hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 8. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori imepanda duniani, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo RAM ya mtumba iliyopimwa isidharauliwe.

Yapo matengenezo ambayo karibu hayana gharama. Vumbi jekundu la Handeni huziba feni, na prosesa ikipata joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Zima, chomoa waya, puliza kwa blowa huku umeishika feni isizunguke, na mwambie fundi abadilishe ile pesti iliyokauka juu ya prosesa. Kingine ni betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu. Ikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma, na tovuti zenye ulinzi, kama za maombi ya ajira au mkopo wa HESLB, hugoma kufunguka. Mwenye kompyuta hulaumu bando kumbe ni betri ya saa.

Inabaki Windows. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomwa kwenye namba: i5-3470 ni cha tatu, i5-6300U cha sita, i5-8250U cha nane. Mwenye cha tatu hadi cha saba ana njia mbili. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye masasisho ya ziada ya Windows 10, yaliyopangiwa mwisho Oktoba 13, 2026. Ya pili ni Linux Mint ya Xfce, isiyolipiwa, inayoridhika na RAM ya GB 4, na ambayo unaweza kuijaribu kutoka kwenye fleshi kabla ya kufuta chochote. Jaribu printa yako hapo, kisha ukitaka kuchapisha steshenari hifadhi kazi kama PDF ili mpangilio usivurugike. Programu huria si ngeni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Ninachokusihi ukiepuke ni Windows ya kukraki, kwani zile programu za kuifungua mara nyingi huja na virusi.

Mwisho wa matumizi uwekwe mapema. Mashine ya DDR2 isitiwe shilingi. Inayozima ovyo hata baada ya kusafishwa huenda ubao mkuu umechoka, nao kuutengeneza ni kubahatisha. Na jumla ya vipuri ikikaribia nusu ya bei ya kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nane, nunua hiyo, uhamishie SSD yako humo. Lakini kama SSD moja imeifanya mashine ikutoshe, funga pochi. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, matumizi yanayofuata yawe UPS, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi ghafla huua vipya na vikuukuu bila kuchagua.