Ukuta Umelowa: Tusianze kwa Jirani

Hapana nyumba isiyokuwa na aibu yake ndogo, na aibu ya nyumba nyingi za siku hizi imo bafuni. Koki imefungwa, lakini bomba la mvua, ambalo vijana wetu huliita shawa, laendelea kudondoka. Ukuta hulowa, rangi hubambuka, na mwenye nyumba husema, “Tutalitazama kesho.” Kesho hiyo huwa mwezi, na mwezi huwa mwaka. Leo twapenda kueleza namna ya kutafuta asili ya maji hayo na namna ya kuyazuia, kwa kisa tulichokishuhudia wenyewe Ushongo, katika wilaya ya Pangani, ng’ambo ya kusini ya mto.

Zamani mwenye kukoga alikuwa na mtungi au birika, na kata ya kifuu mkononi; kila kata aliyoiteka aliiona kwa macho yake. Leo maji hupita ndani ya ukuta, nasi hatujui yanakopotelea. Imepokewa kwa Anas, katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja, yaani kibaba, na akikoga kwa pishi moja hata kufikia vibaba vitano. Pishi hiyo ni kiasi cha lita 3. Sasa msomaji na aweke bakuli la nusu lita chini ya bomba lake linalodondoka. Likijaa kwa saa moja, basi kwa usiku na mchana zimepotea lita 12, nazo zatosha kukoga mara nne kwa kipimo hicho. Kwa siku 30 huwa lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Mwenye kuteka kisimani ajua uzito wa madumu hayo.

Jamaa yetu wa Ushongo alikuwa na khasara ya namna hii, tena ilimletea nyingine iliyo kubwa zaidi. Ukuta wa bafu lake umepakana na kichochoro, na upande wa pili huishi bibi mmoja mjane, mtu mzima, ambaye huosha vyombo vyake uani. Ukuta ulipoanza kulowa kwa chini, jamaa yetu alikata shauri kuwa ni maji ya vyombo vya bibi yule. Alimwendea akamlaumu. Bibi aliapa kuwa maji yake huyamwaga kwenye mnazi, wala hayafiki kichochoroni. Hakusadikiwa. Salamu zikakatika, na watoto wakakatazwa kwenda kucheza uani kwa bibi.

Tulipofika, bibi alikuwa Tanga kwa binti yake, na ilikuwa siku ya nane tangu aondoke. Jua la kaskazi lilikuwa kali, mvua hapana, na ukuta ulikuwa majimaji. Tukamwuliza jamaa yetu, “Shekhe, na leo maji haya ni ya nani?” Akajibu kuwa ardhi ingali imeshika maji ya zamani. Hivyo ndivyo ilivyo dhana mbaya: haikosi jawabu. Tukamwomba atupe siku tatu, tuliulize bafu lenyewe.

Kanuni ya kwanza ni hii: mahali panapoonekana maji sipo lazima yanapotokea. Maji hufuata bomba, au ufa wa saruji, kisha hushuka na kujitokeza mbali. Basi yatupasa kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja, kwani mwenye kujaribu mambo mawili pamoja hatajua ni lipi lililomjibu.

Usiku wa kwanza tulilijaribu tangi. Baada ya Isha, watu walipokwisha kutumia maji, tulifunga koki zote, tukazima pampu, tukatia alama penye usawa wa maji. Kabla ya Alfajiri tukatazama. Katika tangi la duara lenye upana wa mita 1, maji yakishuka sentimita 1 tu zimepotea karibu lita 8. Yakishuka, funga koki kuu itokayo tangini na urudie usiku wa pili. Yakishuka tena, tangi ndilo bovu. Yakisimama, ubovu uko mbele ya koki hiyo. Kwa jamaa yetu maji hayakushuka hata kidogo. Maana yake ni kuwa kuvuja kulikuwako wakati wa kukoga tu.

Asubuhi ya pili tulijaribu sakafu. Tuliziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa kilichokazwa sana, tukamwaga maji hata yakafika kimo cha vidole viwili, tukatia alama. Baada ya saa nne yalikuwa pale pale. Basi sakafu na viungo vya vigae vyake vilikuwa salama. Adhuhuri tukazibua, tukamimina ndoo mbili polepole katika lile tundu peke yake, tumekoroga ndani yake bluu ya kufulia nguo. Hapakuwa na unyevu mpya wala rangi nje. Lakini msomaji na ajue kuwa udongo na saruji huweza kuichuja rangi. Kwa hiyo tulingoja hata siku ya pili kabla ya kutoa hukumu.

Siku ya tatu tulifungua kile kichwa chenye matundu, tukavika mpira penye mdomo wa bomba, tukayapeleka maji yote ndani ya ndoo. Koki ikafunguliwa muda wa nusu saa. Sakafu ilikuwa kavu kabisa, wala hapana tone lililogusa vigae. Lakini kule kichochoroni ukuta ulianza kubadilika rangi, na unyevu ukashuka taratibu hata chini. Basi ubovu ulikuwa ndani ya ukuta, baina ya koki na kichwa cha bomba, mahali ambapo maji hupita koki inapofunguliwa tu.

Fundi alifunga koki kuu, akavunja plasta kwa patasi. Kilichoonekana ni kiungo cha pembe, ambacho mafundi hukiita elbo, cha chuma, kimeliwa na kutu hata kimetoboka. Visima vilivyo karibu na bahari aghlabu huwa na chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Akakata kipande chote kilichooza, akatia bomba na elbo za plastiki zisizoshika kutu. Penye kiungo cha kukaza alizungusha ule utepe mweupe wa mabomba kuelekea upande kinakokazwa, kwani ukizungushwa kinyume hufumuka. Kisha, na hili wengi hulisahau, alifungulia maji muda wa nusu saa kabla ya kuuziba ukuta, akapangusa kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi haikulowa. Hapo ndipo alipopiga plasta, na ukuta ukaachwa ukauke vema kabla ya kutiwa rangi.

Ama bomba linalodondoka baada ya kufungwa, dawa yake ni nyepesi zaidi. Matone ya dakika chache si ubovu, ni maji yaliyobaki kichwani. Yakiendelea, aghlabu ni ule mpira mdogo ulio ndani ya koki, uitwao washa, umelika. Funga koki kuu, fungua kichwa cha koki kwa spana, uchukue mpira wa zamani dukani upate wa kadiri ile ile. Ikiwa mahali mpira unapokalia pamechimbika, mpira mpya hautadumu. Badili koki nzima. Na ikiwa matundu ya kichwa yamezibwa na magadi meupe, kitie katika siki kwa saa chache, kisha ukisugue. Ukuta uliolowa ukiwa na swichi au waya wa umeme, zima umeme kwanza, umwite fundi.

Wazee wetu walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kuwa kabla ya kuziba yafaa kujua ufa uko wapi. Ufa wa jamaa yetu ulikuwa wa namna mbili. Mmoja aliuziba fundi kwa asubuhi moja, na wa pili aliuziba mwenyewe. Bibi aliporudi kutoka Tanga, alimkuta ameketi barazani kwake akimngoja. Akamwambia, “Bibi, nimekudhulumu. Maji yalikuwa yangu.”

Bibi akaweka mzigo wake chini, akasema, “Mwanangu, nilikwambia maji yangu hunywa mnazi. Haya, waite watoto waje wapande, waangue madafu.”