Je, Wajua? Mpundu wa Chitambo

Je, wajua kwamba mgeni aliyekaa miezi kadhaa Nyangwe, hapa kwetu Maniema, moyo wake ulizikwa chini ya mti? David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akitafuta mitumbwi ya kuvukia Lualaba, mto aliodhani ndio mwanzo wa Naili. Mitumbwi hakuipata. Miaka miwili baadaye alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliufukia moyo chini ya mpundu mkubwa, wakaukausha mwili juani, kisha wakaubeba hadi Bagamoyo. Safari ya miezi, kwa miguu! Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alichonga maandishi kwenye shina. Vitabu vingi humtaja kwa haraka, ingawa ni kisu chake kilichowaonyesha waliofuata mahali penyewe. Mti ulipoanza kuoza, ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Pale uliposimama pakajengwa mnara wenye msalaba, mwaka 1902.