Jiwe Lililoachwa Mahali Pake

Leo twataka kuwapeleka kwa mawazo mpaka visiwa vya Svalbard, mbali sana kaskazini mwa Norwe. Huko jua halichwi kwa muda wa miezi karibu minne wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi giza hutawala karibu muda kama huo. Miti hakuna.

Katika kisiwa kikubwa cha Spitsbergen, karibu na mlango wa ghuba iitwayo Isfjorden, pana jabali la pwani liitwalo Festningen, maana yake Ngome. Jina hilo latokana na ukuta wa jiwe gumu la mchanga unaosimama wima ukingoni mwa bahari. Mawe laini ya pande zote mbili yameliwa na mawimbi, nao ukuta ukabaki. Mwaka 2003 serikali ya Norwe ililiweka jabali hilo chini ya ulinzi wa sheria. Sheria hiyo hailindi dhahabu wala almasi, bali mawe. Kwa nini basi?

Fikirini mama aliyepanga chapati nyingi juu ya sinia. Ya kwanza kupikwa iko chini, ya mwisho iko juu. Ukitaka kuiona ya chini huna budi kuzifunua zote. Lakini ukizigeuza zikasimama kwa ubavu, utaziona zote kwa mara moja, toka ya kwanza hata ya mwisho. Ndivyo ilivyokuwa Festningen. Matope na mchanga vililala tabaka juu ya tabaka chini ya maji, vikaganda kuwa mawe. Baadaye, yapata miaka milioni 50 iliyopita, nchi ya Greenland ilipokuwa ikisukumana na Svalbard, tabaka hizo zilikunjwa zikasimama karibu wima. Leo mtu akitembea pwani hiyo kutoka magharibi kwenda mashariki, mwendo wa kilomita 7 hivi, anaanza na mawe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300, na kumaliza na yale ya miaka milioni 60 hivi.

Ndani ya mawe hayo mna visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka kuwa mawe. Pana mahali mawe magumu, yaliyojaa mabaki ya sifongo za bahari na wanyama wenye magamba mawili kama kombe, yanakoma, na mawe meusi laini yanaanza. Hapo ni yapata miaka milioni 252 iliyopita. Wataalamu wakadiria kwamba wakati ule zaidi ya robo tatu ya aina za viumbe vya baharini zilitoweka duniani. Msiba mkubwa namna hiyo, nawe waweza kuuvuka kwa hatua chache tu!

Mwaka 1960 wataalamu wa mawe kutoka nchi mbalimbali walizuru pwani hiyo. Kwenye ule ukuta wa jiwe la mchanga waliona nyayo kubwa za vidole vitatu, 13 kwa hesabu. Mmoja wa waliozichunguza alikuwa Albert-Félix de Lapparent, padri Mfaransa aliyekuwa pia mwalimu wa elimu ya mawe huko Paris. Alizitambua kuwa za dinosaria, mtambaazi mkubwa mla majani wa jamii ya Iguanodon. Siku hizo wataalamu walikuwa bado wakibishana kama mabara husogea au la. Nyayo hizo ziliwafanya waulize: mnyama mkubwa hivyo alikula nini katika nchi ya barafu? Leo twajua kwamba Svalbard ilikuwa kusini zaidi siku zile, na hali ya hewa duniani ilikuwa na joto kuliko sasa.

Basi, mgeni anayefika Festningen aruhusiwa kutembea na kutazama, lakini hana ruhusa ya kung'oa kisukuku wala kukichukua. Pengine mtu atasema, "Mbona bahari yenyewe inalibomoa jabali kila mwaka? Nikichukua kipande kimoja, nimeharibu nini?" Ni kweli, sheria haiwezi kuyakataza mawimbi. Tena Svalbard inapata joto upesi kuliko sehemu nyingi za dunia, na barafu ya bahari iliyokuwa ikiikinga pwani yapungua.

Lakini tazameni tofauti. Wimbi linapobomoa hufunua tabaka iliyo nyuma, na kila apitaye aweza kuisoma. Mkono unapochukua huficha. Jiwe likishafika kabatini mwa mtu, nani atajua lilikaa juu ya lipi na chini ya lipi? Bila mahali pake ni pambo tu. Ushahidi wake umekwisha. Na kwa kuwa bahari inakula sehemu yake bila kuomba ruhusa, ndiyo sababu sisi wanadamu yatupasa kuizuia mikono yetu zaidi, si kuilegeza.

Waliozikuta zile nyayo walizipima, wakaziandika, wakaziacha ukutani. Hivyo waliokuja nyuma yao waliweza kusimama palepale na kuuliza maswali ambayo wa kwanza hawakuyafikiria.