Fahamu: Meya na mwenyekiti wa halmashauri hupatikanaje kiti kinapokuwa wazi

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Novemba 4, 2025, siku chache baada ya Watanzania kupiga kura katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, wakazi wa Jiji la New York nchini Marekani walimchagua Zohran Mamdani kuwa meya wao. Habari hiyo ilifuatiliwa kwa karibu Afrika Mashariki, kwa kuwa Mamdani alizaliwa Kampala, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Zaidi ya watu milioni moja walimpigia kura. Meya aliyekuwa madarakani, Eric Adams, alikuwa amejitoa katika kinyang'anyiro mwishoni mwa Septemba.

Habari hiyo inaibua swali ambalo linamhusu pia mkazi wa Ndanda, Masasi au Newala: kama wananchi wa New York humchagua meya wao wenyewe, kwa nini karatasi ya kura ya Mtanzania haina jina la mgombea umeya wala mgombea uenyekiti wa halmashauri? Na je, mwananchi ana sauti gani kiti hicho kinapokuwa wazi? Makala haya yanaeleza utaratibu uliopo kwa mujibu wa sheria za nchi, na kwa nini uamuzi huo huanzia katika kata.

Kura tatu, na kiti cha nne kisichoonekana

Katika Uchaguzi Mkuu, mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Uchaguzi huo husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka 2024. Ni tofauti na uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa, ambao ulifanyika Novemba 27, 2024 chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI.

Kiti cha meya au mwenyekiti wa halmashauri hakimo katika uchaguzi wowote kati ya hizo mbili. Hupatikana kwa hatua ya pili: wananchi humchagua diwani wa kata, kisha madiwani hukutana na kumchagua kiongozi wao kutoka miongoni mwao. Msingi wa utaratibu huo ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, zote zilizotungwa mwaka 1982.

Majina ya cheo hutofautiana kulingana na hadhi ya mamlaka. Jiji na manispaa huongozwa na meya, anayeitwa kwa heshima Mstahiki Meya. Halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya huongozwa na mwenyekiti. Hivyo, kwa Mkoa wa Mtwara, meya yupo katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, wakati Masasi na Newala, ambazo kila moja ina halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya, zina wenyeviti. Ndanda imo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Masasi. Tofauti hiyo ya majina haibadilishi msingi wa jambo: wote huchaguliwa na wajumbe wa baraza, na wote huongoza vikao vya baraza hilo.

Lini kiti huwa wazi

Kiti cha meya au mwenyekiti huwa wazi kila baada ya miaka mitano, mabaraza ya madiwani yanapovunjwa kuelekea Uchaguzi Mkuu. Aliyekuwa akikishikilia hapiti moja kwa moja. Ni lazima kwanza ateuliwe na chama chake kugombea udiwani, ashinde katika kata yake, kisha arudi katika baraza jipya na kuomba kura za wenzake. Akishindwa katika hatua yoyote kati ya hizo, kiti kinakuwa hakina mwenyewe, hata kama utendaji wake ulisifiwa na halmashauri nzima.

Kiti kinaweza pia kuwa wazi katikati ya kipindi, kwa kifo, kujiuzulu, kupoteza udiwani au kuondolewa na baraza. Diwani anayehama chama kilichomdhamini hupoteza udiwani wake, na akipoteza udiwani hupoteza pia umeya au uenyekiti, kwa kuwa cheo cha pili kimesimama juu ya cha kwanza. Katika hali hiyo uchaguzi mdogo hufanyika katika kata husika, na baraza humchagua kiongozi mwingine. Naibu meya au makamu mwenyekiti, ambaye huchaguliwa kila mwaka, ndiye huongoza vikao katika kipindi cha mpito.

Kuhusu kuondolewa, sheria inahitaji kuwepo kwa sababu zinazotambulika, kama vile matumizi mabaya ya madaraka, rushwa au mwenendo usiofaa; mtuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea; na uamuzi uungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote wa baraza, si ya wale waliohudhuria kikao tu.

Nani hupiga kura

Wapiga kura katika uchaguzi wa meya au mwenyekiti ni makundi matatu. La kwanza ni madiwani wa kata, mmoja kwa kila kata. La pili ni madiwani wanawake wa viti maalumu, ambao idadi yao haipungui theluthi moja na hugawanywa kwa vyama kwa kuzingatia matokeo ya uchaguzi wa madiwani. La tatu ni wabunge ambao sheria inawatambua kuwa wajumbe wa halmashauri hiyo.

Mkutano wa kwanza wa baraza huanza kwa madiwani kula kiapo mbele ya hakimu. Kwa kuwa baraza bado halina kiongozi, Katibu Tawala wa Wilaya ndiye kwa kawaida husimamia hatua ya uchaguzi, huku mkurugenzi wa halmashauri akiwa katibu wa kikao. Wagombea waliopendekezwa na vyama vyao hujieleza, kura ya siri hupigwa, hesabu hufanyika mbele ya wajumbe na mshindi hutangazwa hapohapo. Kuanzia dakika hiyo yeye ndiye huendelea kuongoza kikao, ikiwamo kumpata makamu wake na kuunda kamati za kudumu.

Kabla ya siku hiyo, kila chama huwa kimepitisha jina la mgombea wake kwa taratibu zake za ndani. Katika halmashauri ambako chama kimoja kina karibu madiwani wote, ushindani halisi hutokea katika hatua hiyo ya chama, na kikao cha baraza huwa cha kuthibitisha. Mwananchi anayetaka kujua ni nani anaelekea kuongoza halmashauri yake hana budi kufuatilia mchakato tangu huko.

Uzoefu wa Dar es Salaam

Mfano unaoonesha uzito wa kila kura ya kata ni uchaguzi wa Meya wa Jiji la Dar es Salaam baada ya Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015. Wakati huo halmashauri ya jiji ilikuwa juu ya manispaa zilizokuwa ndani yake, na kiti cha umeya kilikuwa wazi. Kikao cha uchaguzi kiliahirishwa zaidi ya mara moja, mojawapo ya hoja zilizobishaniwa ikiwa ni nani hasa waliostahili kuwa katika orodha ya wapiga kura. Hatimaye, Machi 22, 2016, Isaya Mwita wa CHADEMA alichaguliwa kwa kura 84 dhidi ya kura 67 za Yusuph Yenga wa CCM.

Katika jiji lenye mamilioni ya wakazi, tofauti ya kura 17 ndiyo iliyoamua. Mabadiliko ya matokeo katika kata chache tu yangeweza kutoa meya mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 madiwani walipiga kura ya kumwondoa meya huyo, na mjadala mkubwa ukazuka kuhusu namna ya kuhesabu theluthi mbili inayotakiwa. Februari 24, 2021, Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, aliivunja halmashauri hiyo ya jiji na kuipandisha hadhi Manispaa ya Ilala kuwa Jiji. Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti aliyekuwa Meya wa Ilala, akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam.

Utaratibu wa madiwani kumchagua kiongozi wao si wa jana. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi anayefahamika sana, alichaguliwa kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960 kwa njia hiyohiyo. Mamlaka za serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 kupitia mpango wa Madaraka Mikoani, na ziliporejeshwa chini ya sheria za 1982, njia hiyo ilirejea pamoja nazo.

Majirani wamechagua njia nyingine. Uganda, Meya wa Jiji la Kampala hupigiwa kura moja kwa moja na wakazi. Kenya iliwahi kuwa na mameya waliochaguliwa na madiwani, lakini tangu mwaka 2013 Nairobi inaongozwa na gavana anayechaguliwa na wananchi. London ilianza kumchagua meya wake moja kwa moja mwaka 2000. Tofauti iliyo nyuma ya njia hizo ni ya madaraka: meya wa New York ni mtendaji mkuu wa jiji lake, wakati nchini Tanzania mtendaji mkuu ni mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, na meya au mwenyekiti ni kiongozi wa baraza linalomsimamia mkurugenzi huyo.

Kinachoamuliwa na baraza: mfano wa korosho

Yapo mawazo kuwa, kwa kuwa meya au mwenyekiti si mtendaji, cheo chake ni cha heshima tu. Hesabu ifuatayo inaonesha vinginevyo.

Masasi na Newala ni maeneo ya korosho. Zao hilo huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007, kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 mwaka 2017, na ambao kisheria hutozwa mnunuzi.

Tuchukue mfano wa bei ya Sh 3,000 kwa kilo. Ushuru wa asilimia 3 ni Sh 90 kwa kilo, sawa na Sh 90,000 kwa tani. Tani 1,000 zikiuzwa, halmashauri inapata Sh milioni 90. Kati ya fedha hizo, asilimia 10 hutengwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni Sh milioni 3.6 kwa wanawake, kiasi kama hicho kwa vijana, na Sh milioni 1.8 kwa watu wenye ulemavu.

Je, fedha zinazobaki zimalizie zahanati ya kijiji fulani, zijenge vyumba vya madarasa au zichonge barabara ya kuingilia ghala la chama cha msingi? Bajeti hiyo hujadiliwa katika Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo mwenyekiti wake ni mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe, kisha hupitishwa na baraza. Vilevile baraza ndilo hujadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri na kumtaka mkurugenzi azijibu. Kiongozi asiyefuatilia hoja hizo huacha fedha za mkulima bila mwangalizi.

Nafasi ya mwananchi

Mikutano ya kawaida ya baraza la madiwani hufanyika angalau mara moja kila robo ya mwaka na huwa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Mkazi wa Ndanda, Mwena, Chiwata au Lukuledi ana haki ya kuhudhuria na kusikia diwani wake anasema nini, ingawa hatachangia mjadala. Hoja yake huingia barazani kupitia mkutano wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata na diwani mwenyewe.

Kwa hiyo, anayechukua karatasi ya udiwani na kuiona kuwa ndogo kuliko ile ya Rais au ya Mbunge ajue kuwa karatasi hiyo hubeba kura mbili. Ya kwanza ni ya mwakilishi wa kata. Ya pili, isiyoandikwa, ni ya yule atakayekalia kiti cha mbele katika ukumbi wa halmashauri kwa miaka mitano. Mgombea udiwani anapofika kuomba kura, ni haki ya mwananchi kumuuliza mapema: ukiingia barazani, utamchagua kiongozi wa namna gani, na kwa sababu gani?