Mchezo usiokwisha wamnasa mwanao

Mzazi mwenzangu, mbona kijana wako habanduki kwenye kompyuta, iwe nyumbani Kangemi au katika saiba za Moi Avenue? Usidhani ni ukaidi tu.

Michezo kama World of Warcraft, iliyoanza mwaka wa 2004, haina mwisho. Mwaka wa 2010 ulikuwa na wateja zaidi ya milioni 12, na ada hulipwa kila mwezi. Mchezaji akipewa uhondo wote mara moja, atamaliza aende zake; akikosa jipya, atachoka. Basi hugawiwa haba na haba: kazi ndogo kila siku, zawadi kubwa kila juma, nchi mpya kila baada ya miaka kama miwili.

Kabla haujauzwa, waliocheza kwa muda mrefu walipunguziwa alama. Wakanung'unika. Watengenezaji wakageuza maneno tu: aliyepumzika ndiye huongezewa. Hesabu karibu ni ile ile, lakini malalamiko yakatulia.

Nawe jaribu hivyo nyumbani: badala ya kumwadhibu aliyechelewa kuzima, mtuze aliyezima mapema. Kisha umfunulie siri hii: mchezo hautamwambia kamwe kwamba yatosha. Sharti aseme mwenyewe.